Kuvunjika nyonga ukiwa na miaka 34: skrubu au nyonga bandia?

Dada yangu, pole kwa ajali ya bodaboda iliyompata mdogo wako. Umeuliza kwa nini daktari anataka kumfunga skrubu, ilhali bibi yenu alipovunjika mahali hapo hapo aliwekewa nyonga bandia. Tofauti ni umri. Nyonga bandia huchakaa, na kijana wa miaka 34 anayebeba mizigo kila siku huenda akahitaji kubadilishiwa, pengine zaidi ya mara moja. Kwa hiyo madaktari hujitahidi kwanza kuokoa kichwa cha fupa la paja lake mwenyewe, yaani ile sehemu ya mviringo inayoingia kwenye tundu la nyonga.

Shida kubwa iko kwenye damu. Mishipa mikuu inayolisha kichwa hicho hupanda ikiambaa kwenye shingo ya fupa la paja, ile sehemu nyembamba iliyo chini ya kichwa, ambapo ndipo alipovunjika, na shingo ikivunjika vipande vikaachana, mishipa hiyo hupindika au kukatika, ndiyo maana mfupa unaweza kufa hata baada ya upasuaji uliofanywa vizuri. Msipoteze siku, basi, kwa mganga wa kuunga mifupa. Lakini haraka peke yake haitoshi: vipande lazima virudishwe sawasawa mahali pake, hata ikibidi kupasua ili kuviona. Kama ufa umesimama karibu wima, muulizeni daktari iwapo skrubu tatu zitashika, au skrubu yenye bamba ingefaa zaidi.

Akitoka hospitali asiukanyagie mguu huo mpaka aruhusiwe, aache sigara, na aendelee kupigwa picha za eksirei kwa angalau miaka 2, kwa kuwa maumivu mapya ya kinena, ambayo huweza kuwa dalili kwamba mfupa unakufa, yanaweza kujitokeza baada ya miezi mingi ya nafuu.