Likizo ndefu wakati wa baridi

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu katika shule ya kimataifa hapa Nairobi inayofuata kalenda ya Uingereza, na likizo yetu ndefu imeanza sasa, mwanzoni mwa Julai, ilhali majirani zangu wanaofundisha shule za umma wangali darasani. Nitaifurahia vipi likizo ya kiangazi katika jiji lenye baridi na mawingu?

JIBU: Mwalimu, kiangazi hicho ni cha Ulaya, hapa kwetu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, Julai ni mwezi wa sweta na chai ya tangawizi. Hata hivyo, una nafasi ambayo wenzako hawana, kwa kuwa kabla ya shule za umma kufungwa mwezi Agosti, Msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai aliutetea mwaka 1999, huwa na utulivu siku za kazi, na tiketi za treni ya Mombasa hazigombaniwi sana. Wiki ya kwanza lala tu. Madaftari ya wanafunzi hayatakimbia. Ukitamani jua, shuka pwani, ingawa msimu huu bahari huchafuka kwa upepo wa kusi. Ukibaki, tembea Karura ukungu ukishainuka.