Gari la umeme la kampuni: mbona mshahara umepungua?

Maswali ya magari ya umeme yamenijia kutoka Nakuru hadi Busia. Nimechagua matano. Mengi ya yaliyobaki ni ndugu wa haya.

Niko Nakuru, kampuni ya pembejeo. Nilikuwa na Probox ya kampuni iliyonunuliwa kwa shilingi 900,000. Mwezi jana wamenipa gari la umeme la milioni 4, na pesa zilizoingia benki zimepungua kwa zaidi ya elfu kumi na nane. Si tunaambiwa serikali inahimiza umeme?

Inahimiza, ila si kwenye mshahara wako. Gari la mwajiri ambalo unaruhusiwa kulitumia kwa mambo yako binafsi huhesabiwa kuwa sehemu ya mapato yako. Kiasi kinachoongezwa kila mwezi ni asilimia 2 ya bei ambayo mwajiri alilinunulia, au kiwango cha Kamishna wa kodi kinachofuata ukubwa wa injini (cc). Kinachukuliwa kilicho kikubwa.

Piga hesabu nami. Asilimia 2 ya 900,000 ni 18,000, na ukiwa kwenye daraja la kodi la asilimia 30 kodi yake ni 5,400. Asilimia 2 ya milioni 4 ni 80,000, kodi 24,000. Tofauti ni 18,600. Mhasibu wako hana kosa.

Wengine wananiandikia kwamba gari la umeme halina cc, kwa hiyo linaliponyoka jedwali la Kamishna. Sawa, linaliponyoka, lakini jedwali lenyewe limepitwa na wakati. Gari la saluni la cc 1201 hadi 1500 limewekewa shilingi 4,200 kwa mwezi. Ili kiwango hicho kiishinde ile asilimia 2, gari liwe lilinunuliwa chini ya 210,000. Nionyeshe kampuni yenye gari la bei hiyo, nami nitakuja na pesa mkononi.

Jambo linalouma zaidi ni kwamba bei inayotumika ni ile ya kununulia, haishuki. Baada ya miaka sita, betri imechoka na viti vimepauka, bado utatozwa kwa milioni 4.

Njia iko. Ikiwa matumizi yako binafsi ni machache, unaweza kumwomba Kamishna akubali kiwango cha chini, ukiwa na daftari la safari kama ushahidi. Na gari linalolala ofisini, lisilotumika kwa shughuli binafsi hata kidogo, halikuletei kodi hii. Lakini kama Jumamosi linakupeleka Gilgil kwa mama mkwe, usiandike kwamba linalala ofisini.

Mimi ni mhasibu Kakamega. Bosi anataka kuagiza haibridi (gari la petroli na umeme) kwa sababu amesikia ushuru wake ni nusu. Ni kweli?

Amechanganya. Sheria ya Fedha ya 2019 ilishusha ushuru wa bidhaa kutoka asilimia 20 hadi 10 kwa magari yanayotumia umeme pekee. Haibridi ina injini ya petroli, hivyo punguzo hilo haliihusu. Na akiagiza gari lililotumika, sharti la kutozidi miaka minane liko palepale.

Nina kampuni ndogo ya ushauri Kisumu. Nimeona gari la umeme la milioni 5.2. Nikilinunua kwa jina la kampuni, nitapunguziwa kodi kiasi gani?

Kidogo kuliko alivyokuambia muuzaji, dada yangu. Gharama ya gari hukatwa kwenye faida kwa asilimia 25 kila mwaka, mafungu sawa kwa miaka minne. Lakini gari lisilo la biashara, kama hilo la kutembelea, lina ukomo wa milioni 3. Utakata 750,000 kwa mwaka, ambayo kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30 inakuokolea 225,000. Ile milioni 2.2 iliyozidi haikupunguzii chochote. Pikapu ya kubebea mizigo ya biashara haibanwi na ukomo huo.

Kuhusu kurudishiwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, usiiweke kwenye bajeti. VAT ya gari la abiria hairudishwi, wala ya matengenezo na vipuri vyake, isipokuwa kazi yako iwe kuuza au kukodisha magari. Ukija kubadilisha betri utalikumbuka jibu hili.

Tena, tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, KRA, haikubaliwi. Fundi wa Kibuye anaweza kuwa hodari kuliko gereji yoyote yenye vioo, lakini risiti ya kuandikwa kwa kalamu haitakusaidia mbele ya KRA.

Kampuni yetu Bungoma imekodi magari badala ya kununua. Asilimia 2 ya nini sasa?

Si asilimia 2. Gari likikodiwa kutoka nje, mfanyakazi anaongezewa gharama yenyewe ya kukodi. Gari la milioni 4 likikodiwa kwa 95,000 kwa mwezi, unatozwa kwa 95,000, si 80,000. Ulizeni kabla ya kusaini.

Ninachajia gari la kampuni nyumbani kwangu Milimani, Kisumu. Kampuni inanipa 10,000 kila mwezi za tokeni za umeme. Zinatozwa kodi?

Zikija kila mwezi bila kujali umesafiri au la, ni marupurupu ya pesa taslimu, na yanatozwa kama mshahara. Ukirudishiwa gharama halisi ya safari za kazi, hayo si mapato yako. Andika tarehe, ulikokwenda, kilomita na uniti ulizotumia, kisha udai.

Ningekushauri uweke mita ya gari peke yake. EPRA, mdhibiti wa nishati, ilianzisha bei maalumu ya kuchajia magari Aprili 2023, shilingi 16 kwa uniti na 8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya tozo nyingine. Kwa mita moja ya nyumba nzima, friji na pasi zitaingia kwenye dai lako, na risiti ya tokeni yenye jina la mwenye nyumba haitamridhisha mkaguzi.