Kutoa chakula cha wenye mzio

Dada, umeuliza kama benki ya chakula huko Marekani, yaani kituo kinachokusanya chakula na kuwagawia wahitaji, itapokea unga usio na ngano na maziwa ya soya yaliyobaki baada ya mtoto kubadilishiwa lishe. Kwa kawaida wanapokea, ila pakiti ziwe hazijafunguliwa na lebo isibanduliwe. Tafadhali usihamishie unga kwenye mfuko mwingine, hata kama boksi limebonyea. Mama wa mtoto mwenye mzio husoma yale maandishi madogo ya viambato hadi mwisho, atafute karanga, mayai, soya, na ufuta pia, ambao tangu 2023 sheria inalazimisha utajwe. Asipoyaona maandishi hayo, anaacha chakula hapo hapo. Wapigie kwanza, uwaombe wakitenge. Kikichanganywa na vingine, anayekihitaji hatakiona.