Inhela ya bluu ikiwa inakuishia kila mwezi, shtuka

Mbukwenyi jamani. Huu upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba na wa nane wenye pumu tunaujua vizuri, asubuhi baridi kavu, mchana vumbi, na mimi kibanda changu cha kutoa kopi kipo jirani na kituo cha daladala kwahiyo vumbi na moshi navila kutwa nzima, ikifika jioni kifua kinalia kama kuna paka ndani.

Kwa miaka kama minne nilikuwa na dawa moja tu, ile inhela ya bluu, salbutamol. Nikibanwa napiga mbili, baada ya dakika chache kifua kinaachia narudi kwenye mashine. Sasa daktari wa nini tena? Muuzaji wa famasi alishanizoea, nikitokea tu mlangoni anaifikia.

Siku nimeenda kupima mambo mengine kabisa, dokta akaniuliza, inhela moja inakukaa muda gani? Nikasema mwezi, saa zingine haufiki. Akaacha kuandika. Akaniambia piga hesabu, ile kopo ina dozi 200, ukiimaliza kwa mwezi maana yake unapiga sita mpaka saba kila siku, hiyo sio pumu iliyotulia hiyo. Miongozo ya kimataifa ya pumu, GINA wanaita, inasema ukianza kumaliza tatu au zaidi kwa mwaka hatari ya kubanwa vibaya inapanda, zikifika 12 inapanda mpaka hatari ya kufa. Mimi nilikuwa hapo hapo kwenye 12 na najiona mzima!

Alivyonielewesha ni hivi. Bluu inalegeza misuli iliyokaza kwenye njia za hewa, basi. Ule uvimbe wa ndani na makohozi inaviacha palepale, ndio maana baada ya masaa manne mpaka sita unarudi ulikotoka. Ya kutuliza uvimbe ni inhela ya steroidi, mfano beclomethasone au budesonide, na hii unapiga kila siku hata kama unajisikia poa. Mara nyingi ya beclomethasone inakuwa ya kahawia ila msiamini rangi, makampuni yanatofautiana, soma jina. Tangu 2019 hao GINA hawashauri kabisa mtu mzima kutibiwa kwa salbutamol peke yake.

Akaniandikia hiyo ya steroidi. Na mimi sikio la kufa, nikaitumia siku nne nikaona haifanyi kitu nikaitupa droo. Haifanyi kitu kwasababu inachukua siku hadi wiki kadhaa! Wiki mbili mbele usiku nikabanwa nikapiga bluu mpaka mkono ukachoka, nashindwa hata kumaliza sentensi, mdogo wangu akanipakia kwenye bajaji mpaka hospitali nikawekewa mashine ya mvuke na prednisolone, nayo ni steroidi, juu. Ukifika hapo pa kushindwa kuongea usisubiri kuche, nenda huku unaendelea kupiga bluu.

Halafu kuna hii ya mtaani kwamba inhela ni ya waliozidiwa na ukiianza imekula kwako, bora vidonge. Shangazi yangu ndio wimbo wake. Jamani, kidonge kimoja cha salbutamol cha 4 mg kina dawa sawa na kupiga inhela mara 40, maana kila dozi ya inhela ni maikrogramu 100 tu, inaenda moja kwa moja kwenye mapafu. Kidonge kinazunguka mwili mzima, ndio maana mikono inamtetemeka na moyo unamwenda mbio halafu anasema ni presha.

Upigaji nao nilikuwa nakosea, naipuliza kama pafyumu. Tikisa, toa pumzi, bana midomo, bonyeza mara moja huku unavuta taratibu, shikilia mpaka kumi. Ya steroidi ukimaliza sukutua uteme, la sivyo unaota utando mweupe mdomoni. Na dawa za maumivu kama diclofenac na aspirini muulize daktari kwanza, kuna wenye pumu zinawabana.

Mtoto wa dada yangu hawezi huo mpangilio wa pumzi, na speisa, kile chombo cha kuunganisha inhela na mdomo, ya dukani bei imechangamka, tukamtengenezea ya chupa ya plastiki ya soda, ya nusu lita. Unaiosha kwa sabuni unaiacha ikauke yenyewe bila kuifuta, unapasha waya unatoboa kitako tundu linalobana mdomo wa inhela, unaziba pembeni na gundi. Mwanzo unapigia dozi kadhaa humo ndani ili chupa isinase dawa. Mtoto anaweka mdomo kwenye mdomo wa chupa, unabonyeza moja, anapumua ndani nje mara tano sita, ndio unabonyeza nyingine. Siku ya kwanza alicheka akasema anakunywa soda ya hewa, ila kifua kiliachia.