Ofseti ikipungua gurudumu linatoka nje

Hapana ndugu unayesema ofseti ndogo inaingiza gurudumu ndani, inalitoa nje. Ofseti ni umbali wa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale rimu inapokaa kwenye habu. Ukivua rimu ya +30 ukafunga ya 0 yenye upana uleule kila gurudumu linatoka milimita 30, na rimu ikiwa pana zaidi kwa inchi 1 ongeza kama milimita 13 hivi upande wa nje, namba ya ofseti angalia imegongwa kwenye rimu baada ya herufi ET. Nimefanya kwenye fobaifo yangu, gari linatulia kwenye kona lakini beringi zinabeba mzigo zaidi na kwenye mawe usukani unakupiga mikono. Ukishakaza nati, kabla hujaondoka kata usukani mpaka mwisho pande zote uone kama tairi linagusa, langu tairi lilikuwa linakwaruza plastiki ya madigadi kwa nyuma.