Maswali ya Wasomaji: Picha ya Juni 16 Ilikuwa ya Nani?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Katika Siku ya Mtoto wa Afrika mwalimu wetu alitubandikia ubaoni picha ya kijana wa Soweto, Afrika Kusini, aliyembeba mtoto aliyepigwa risasi, akatueleza kwamba mpiga picha wake, Sam Nzima, alikuja kutunukiwa nishani na serikali ya nchi yake. Nina kamera niliyoachiwa na marehemu baba, na kazi ya gazeti naitamani sana. Ami yangu ananikataza. Anasema Nzima mwenyewe aliiacha kazi hiyo akaenda kufungua duka kijijini. Ni kweli? – Msomaji, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Ami yako amesema kweli, ila ameanzia mwisho.

Nzima alizaliwa mwaka 1934, akaajiriwa mwaka 1968 na The World, gazeti lililosomwa na Waafrika wa Johannesburg. Asubuhi ya Juni 16, 1976, alikuwa Soweto miongoni mwa wanafunzi walioandamana kukataa kusomeshwa kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu. Polisi walipofyatua risasi, Hector Pieterson, mwenye umri wa miaka 12, alianguka. Kijana Mbuyisa Makhubo akamwinua na kukimbia naye, na dada yake Hector, Antoinette, akakimbia kando yao amevaa sare ya shule, kiganja kimoja amekiinua kana kwamba anaizuia habari isimfikie. Nzima alipiga picha sita mfululizo. Mtoto akapakiwa katika gari dogo la mwandishi mwenzake, Sophie Tema, lakini alipofikishwa zahanati alikuwa ameshakata roho.

Nakuomba uangalie alilolifanya Nzima baada ya hapo, kwa kuwa wengi hulipita haraka. Aliitoa filamu ile katika kamera na kuificha ndani ya soksi, maana alijua kwamba polisi wakimkuta watataka filamu kabla ya kutaka jina. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado nastaajabu kwamba mtu aliyetoka kushuhudia hayo aliweza kufikiri kwa utulivu kiasi hicho. Picha ilitoka gazetini, ikaizunguka dunia, na polisi wakaanza kumtafuta aliyeipiga. Nzima akaiacha kazi, akarudi kwao Lilydale, akazuiliwa asitoke nyumbani, na huko ndiko lilikofunguliwa hilo duka analolitaja ami yako. Gazeti lenyewe lilipigwa marufuku mwaka 1977. Kwa hiyo si kazi iliyokosa faida; ni mtu aliyefukuzwa katika kazi yake kwa sababu ya kuifanya vizuri.

Linaloniuma zaidi, hata hivyo, ni jambo jingine. Picha hiyo ilichapishwa kila mahali, nayo haikuwa yake. Alikuwa mwajiriwa, na haki ya picha ilikuwa mikononi mwa kampuni. Hakukabidhiwa hadi mwaka 1998, miaka 22 baadaye. Ile nishani ya serikali, iitwayo Ikhamanga, aliipata mwaka 2011, akiwa mzee, naye akafariki mwaka 2018. Mlinganishe na Mohamed Amin wetu, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi, aliyeanzisha kampuni yake ya Camerapix huko Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa kijana asiyezidi miaka 20. Alikumbana na hatari nyingi, akapoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991, na mwaka 1996 akafa katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini Komoro. Lakini picha zake zilibaki katika kabati zake.

Nami yamenifika, kwa kipimo changu kidogo. Zamani za filamu nilipiga picha ya mbio za punda hapo Lamu: mpandaji ameshaanguka, lakini kidole gumba cha mguu bado kimenasa kwenye kamba, na punda hana habari. Nikaitia filamu katika kikopo chake, nikavuka kwa boti hadi Mokowe, nikamkabidhi utingo wa basi aifikishe Mombasa. Ikatoka ukurasa wa kwanza, na chini yake pameandikwa “Picha na Mwandishi Wetu”. Mwaka uliofuata niliikuta katika kalenda, ukutani mwa duka moja la Malindi. Nilipouliza, niliambiwa kwamba negativu, yaani filamu yenyewe, ni mali ya ofisi.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaipa haki ya kazi iliyofanywa kazini mwajiri, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Kwa hiyo ukiitwa gazetini, usiulize mshahara peke yake. Uliza pia picha zitakuwa za nani, na jina lako litachapishwa wapi, kisha majibu yaandikwe katika mkataba kabla hujatia sahihi. Ami yako mwonyeshe mkataba huo. Huenda akawa msomaji mzuri kuliko mhariri.

SWALI: Naona tuzo kubwa huendea picha za maiti na vilio. Je, mpiga picha lazima aviandame? – Msomaji wa kike, Malindi

JIBU: La, dada yangu. Picha ya Soweto nayo ilikuwa na gharama kwa aliyeonekana ndani yake: Makhubo aliandamwa hadi akaikimbia nchi, mama yake akapata barua kutoka Nigeria mwaka 1978, na baada ya hapo kimya. Ndiyo maana mvuvi aliyezama akiletwa pwani, mimi huishusha kamera mpaka watu wake wapate habari, hata kama mwenzangu wa gazeti jingine ameshapiga.

Tuzo kuu ya World Press Photo, mashindano ya kimataifa ya picha za habari, ya mwaka 2020 ilimwendea Yasuyoshi Chiba, Mjapani aliyekuwa akifanyia kazi Nairobi. Picha yake ni ya Khartoum, Juni 2019, usiku, umeme umekatwa. Kijana mmoja anakariri shairi, mkono kifuani, na waliomzunguka wanammulikia kwa simu zao.