Picha ya kichwa ni safi, mbona mume wangu hajapona?

Shangazi, mume wangu ni askari, amerudi kutoka operesheni miezi saba iliyopita. Huko mabomu yalilipuka karibu na gari lao mara mbili. Sasa kichwa kinamuuma kila siku, anasahau, mwanga unamkera. Usiku hupiga kelele, na juzi alizinduka akanikaba. Picha ya CT ni safi, wenzake wanasema anajisingizia. Anameza vidonge vya maumivu kila siku na kunywa pombe ili alale.

Pole sana, mwanangu. Mumeo hasingizii. CT huonyesha damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Nyuzi nyembamba za ubongo zilizovutwa na mshindo wa mlipuko haizioni. Anaweza kuwa na majeraha mawili, la ubongo na la nafsi, na kila moja humchochea mwenzake: jinamizi linamkosesha usingizi, na bila usingizi kichwa huuma zaidi na kumbukumbu hupotea.

Kwa hiyo msikubali kuambiwa kichwa kipone kwanza. Vyote vitibiwe pamoja. Mwombe daktari ampeleke kwa mtaalamu wa saikolojia anayetibu kiwewe, yaani hilo jeraha la nafsi, kwa mazungumzo maalumu, ambayo kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 15. Humo mgonjwa hulirudia tukio kidogo kidogo hadi lisimtawale tena. Wiki za mwanzo ndoto zinaweza kuzidi, na hapo ndipo wengi hukimbia. Mtie moyo aendelee. Dawa za sonona kama sertraline husaidia baadhi ya watu. Diazepam, dawa ya kutuliza, haitibu kiwewe, huzidisha usahaulifu, na ikichanganywa na pombe ni hatari.

Vidonge vya maumivu navyo vichunguzwe. Vya kawaida vikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi kadhaa, vyenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Kwa wiki mbili andika kwenye daftari saa kichwa kilipoanza kuuma, idadi ya vidonge, saa alizolala, pombe aliyokunywa. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka. Kama anakunywa kila siku, asiache ghafla peke yake, maana anaweza kupata degedege. Aache kwa msaada wa daktari.

Usiku usimtikise. Simama miguuni pa kitanda, washa taa, mwite kwa jina, mwambie yuko nyumbani. Kulala vitanda tofauti kwa sasa si kumkataa, ni kujilinda, na mwambie hivyo mchana mkiwa mmetulia. Silaha ikiwepo nyumbani, iondoke leo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali mara moja. Vilevile akipata degedege, akitapika mara kwa mara, mboni moja ikipanuka kuliko nyingine au upande mmoja wa mwili ukilegea, usisubiri asubuhi.